Mkitupima kilo, tuulizeni na usingizi

Shikamooni wakubwa. Barua hii ni ya Wizara ya Afya kwanza, afu TMDA wa dawa, TBS wa viwango, Baraza la Tiba Asili na TCRA wa mawasiliano, na wale wa elimu wasikae pembeni maana ntawafikia. Sina cheo. Ni mama wa watoto wawili, nakaa Tabata, nauza vitenge na madera kwa oda, na elimu yangu ya afya ni ya kukaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka tisa pamoja na kusoma kwenye simu usiku nikiwa sina usingizi. Mtanivumilia uandishi, naandika kama ninavyoongea.

Ishu yangu ni mizani.

Nchi hii mtu anapimwa kilo kabla hata hajapewa jina. Ukizaa tu mtoto anawekwa kwenye mizani anatajwa kwa sauti wodi nzima isikie, kilo tatu na nusu hongera mama, kilo mbili na nukta nne mmh mama ulikua huli? Afu kila mwezi kliniki, mtoto ananing'inizwa kwenye ile ndoano kama paja la buchani, kadi inachorwa, kijani, kijivu, nyekundu, na mtoto akiangukia kijivu mama anasemwa hapo hapo mbele ya wenzie. Sibezi jamani, ile kadi imewaokoa watoto wengi na nawaheshimu walioileta. Ila tangu hapo tunajifunza kwamba kilo za mtu ni habari ya hadhara, kila mwenye mdomo ana haki nazo. Ndo maana unakutana na mtu hujamuona mwaka mzima, hata salamu hajamaliza, tayari "eeh umenenepa!" au "mbona umekondeana hivo, unaumwa?" na hakuna anayeona kama amekosea adabu.

Na nyie serikalini mmeigawa miili yetu kwa miezi. Tarehe 10 Oktoba siku ya afya ya akili duniani, zinatoka fulana, wataalamu wanaongea redioni, tunaambiwa tusikae na mawazo moyoni. Novemba wiki ya magonjwa yasiyoambukiza, mahema yanafungwa viwanjani, tunapimwa bure urefu, uzito, presha, sukari, tunaambiwa unene unaua. Ni vizuri vyote. Ila mimi hapo kati ya Oktoba na Novemba ni mtu yule yule, na mtu wa hema la Novemba hajawahi kuniuliza swali la Oktoba hata siku moja, na wa Oktoba hajui kama nina kilo ngapi wala kilo hizo zinanifanya nini nikibaki peke yangu na kioo.

Nianze na mimi manake ndo ushahidi nilionao mkononi. Mimi ni bonge tangu darasa la tatu. Bonge, kibonge, tipwatipwa, na kulikua na mwalimu mmoja wa michezo alikua ananiita tingatinga mbele ya mkondo mzima afu anacheka yeye wa kwanza ili watoto wajue imeruhusiwa. Ukubwani makonda wa daladala wakapokea kijiti, "bonge sogea ndani unaziba mlango", "dada wewe lipa siti mbili". Watu wanasema mabonge ni wacheshi sana. Tunawahi tu kujicheka kabla hamjatucheka, ikitoka kwetu inauma kidogo.

Alipozaliwa huyu wa pili mama alishuka kutoka Bukoba kunilea, ikawa mtori asubuhi, uji wa pilipili manga mchana, nyama ya kuchemsha usiku, mama mkwe naye kanifunga mkaja tumboni kwa nguvu zote mpaka kupumua ni kwa mahesabu. Arobaini ikaisha, mkaja ukafunguliwa, tumbo lipo pale pale. Nikachoma na ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Kufika miezi minne nina kilo 96, fundi wangu ananizungushia futi anasoma inchi kwa sauti kama anaita namba za mshindi wa bahati nasibu. Nikaanza kukwepa kioo, nikakwepa harusi, nikakwepa kupiga picha na mtoto wangu wa kumzaa. Mpaka leo huyu mtoto hana picha na mama yake kabla hajafika miezi kumi. Anazo na baba, na bibi zake wote wawili, mpaka na dada wa kazi.

Afu kikaja kile kitu ambacho saivi najua kinaitwa sonona. Wakati ule sikua na jina lake, watu wakiona umekaa kimya wanakwambia una stresi, punguza mawazo, au wanakwambia omba. Naamka saa nane usiku natazama dari mpaka adhana. Chakula natafuna kama makapi. Mtoto analia, namsikia kama analia nyumba ya pili. Sikua nalia kwa sababu fulani, nilikua tu nimezimika, na kichwani kuna wimbo mmoja, we mnene, we mvivu, we mchafu, mumeo anakuvumilia tu.

Nikaacha kula. Sio kwamba niliamua dayati, hamu iliondoka yenyewe. Kilo 23 zikashuka ndani ya miezi saba.

Wakubwa, hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Miezi ile saba ndo miezi niliyosifiwa kuliko yote maishani mwangu. Mtaani "mama nanihii umependeza!", kanisani "umekua kasichana", mume wangu masikini ya Mungu naye akafurahi akidhani nafurahi. Kwenye kichen pati ya binamu yake wifi zangu wakanivutia pembeni, "wifi tuambie unatumia nini, usiwe mchoyo". Natumia nini? Nilikua natumia kutolala, natumia kulia bafuni bomba likiwa wazi linajaza ndoo ili asisikie mtu. Ningewaambia siku ile natumia sonona sijui nani angeoda. Na nikienda kliniki na mtoto, dada wa pale alinipandisha na mimi kwenye mizani, akaangalia kadi yangu, akatabasamu, "mama umejitahidi, endelea hivo hivo".

Nikaendelea hivo hivo.

Aliyeniokoa ni nesi mmoja mtu mzima, miwani kaifunga kamba shingoni, kwenye kizahanati cha mtaani ambacho ukipita haraka unadhani ni duka la mpesa. Nimempeleka mtoto ana homa, akamaliza kumhudumia, akafunga daftari, afu akanigeukia, "na wewe mwanangu, unalala?" Basi. Maneno mawili tu hayo. Nililia mpaka foleni ya nje ikaanza kugonga mlango.

Nikaandikiwa kwenda hospitali kubwa, nikapewa amitriptilini. Ni dawa ya sonona ya siku nyingi, bei yake nafuu, na usingizi kweli ulirudi. Ila hakuna aliyenikalisha akaniambia kwamba dawa hii kwa watu wengi inaongeza hamu ya kula na uzito, kwa hiyo ukiona unaongezeka usishtuke, rudi tuongee, zipo nyingine. Hakuna. Nikaona tu madera yanaanza kubana, kilo zinarudi, na jirani yangu ambae hana baya lolote moyoni akanipokea getini, "heee, umerudi tena kwenye ubonge wako?" Usiku ule ule nikatupa vidonge chooni. Mtu anayejua hizi dawa anajua kinachofata ukiacha ghafla bila kumwambia daktari, nilitumbukia pabaya kuliko mwanzo.

Hapo katikati kuna mambo sitayaandika. Sisemi nilifika wapi. Nasema tu kwamba Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 217 bado inamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kwa hiyo mtu aliyefika huko hawezi kuja kwenu na miguu yake akawaeleza kilichompeleka. Kenya, Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilishatamka kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Hilo nawaachia wanasheria.

Nilirudi hospitali, nikabadilishiwa dawa, saivi niko kwenye fluoksetini na naongea na mshauri mara moja kwa mwezi. Nina kilo 84 na nalala. Mkiniuliza kipi kati ya hivyo viwili ndo afya yangu, mnalijua jibu.

Sasa mtasema hii ni stori ya mtu mmoja wa Tabata. Sawa. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti 15 zilizowafatilia watu zaidi ya elfu 58 kwa muda mrefu, wakakuta mwenye unene uliopitiliza uwezekano wake wa kuja kupata sonona unapanda kwa asilimia 55, na mwenye sonona uwezekano wake wa kuja kuwa na unene uliopitiliza unapanda kwa asilimia 58. Yani huku kunazaa kule na kule kunazaa huku. Na kuna utafiti wa Houston kule Texas, uliotoka 2013, walifatilia watoto wa miaka 11 hadi 17, maelfu yao, wakawapima kilo na pia wakawauliza we unajionaje. Kilichotabiri sonona ni kule kujiona mnene, kilo zenyewe hazikutabiri. Mtoto anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa kwenye chati yenu ila kichwani anabeba mwili mwingine, na ule wa kichwani ndo unaomuumiza. Chati haiuoni.

Na wale wanaosema "tunamsema ili apungue", maana hii naisikia mpaka kwa madaktari, someni ya Marekani ya watu wazima zaidi ya elfu 6, walifatiliwa kutoka 2006 mpaka 2010. Waliosema wamebaguliwa kwa ajili ya uzito wao walikua na uwezekano mara mbili na nusu wa kuja kuwa wanene kupita kiasi kuliko ambao hawakubaguliwa. Kumsema mtu hakumpunguzi. Mimi nikisemwa nakula, tena nakula gizani, mkate na chai saa sita usiku, nimesimama jikoni bila kuwasha taa.

Na kujinyima nako kuna bei yake. Vita vya pili vya dunia vikiwa vinaelekea mwisho, chuo kikuu cha Minnesota kilichukua vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, wakawalisha karibu nusu ya mlo wao kwa miezi 6. Wengi wao wakawa wanyonge, wakali, hawataki watu, kutwa wanaongelea chakula na kuota chakula. Wale walikua wanaume wenye afya zao na wanajua tarehe ya kumaliza. Sasa mfikirie binti wa miaka 19 yuko hosteli, anaishi kwa tango na maji ya ndimu kwa sababu kuna mdada kwenye simu kamwambia, na yeye tarehe ya kumaliza hana.

Msije mkadhani hii ni barua ya mabonge tu. Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mama mdogo, ni mwembamba tangu anazaliwa, anaendesha boda Segerea. Huyu shida yake inatoka mbali kuliko yangu na inatoka kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kugundulika nchini walikua Kagera, 1983, na watu wa kule kabla hawajajua ni nini waliuita Juliana, jina la nguo ya magendo iliyokua inatoka Uganda. Uganda wenyewe waliuita slimu, kwa sababu mtu alikua anaisha unamuona. Mama yangu alizika ndugu zake miaka ile. Kwa hiyo kwa mama mtu kukonda sio swala la urembo, ni taarifa ya msiba inakuja. Ndo maana alikua ananijazia sahani mara mbili, "kula mwanangu, watu watasema", na sasa hivi namuelewa na simlaumu. Ila huyu dogo kila kijiwe anachopaki anaambiwa kakanyaga waya, yani ana ukimwi. Miaka 24, hajawahi kwenda kwenye sherehe na shati la mikono mifupi, anavaa fulana tatu ndani ya shati Dar hii hii ya Januari ili aonekane ana kifua.

Akanunua vidonge vya kunenepa. Alinunua Kariakoo, kwenye kikopo hakina maandishi yoyote zaidi ya picha ya mwanamke mwenye makalio, wala hakujali kwamba picha ni ya mwanamke. Mwezi mmoja uso ukavimba ukawa duara kama sahani, tukashangilia, mpaka mama mdogo akampongeza. Halafu akawa hasinzii, anafoka ovyo, akiacha vidonge siku mbili anaishiwa nguvu hawezi kusimamisha pikipiki. Daktari alivyoona akasema moja kwa moja hizi ni steroidi, deksamethasoni na jamaa zake, zinavimbisha uso na zinavuruga akili, na ukizizoea huruhusiwi kuzikata ghafla. Bonge na kimbaombao wa ukoo mmoja, tulikutana kwenye benchi moja la kliniki ya akili. Tulicheka sana siku ile kusema ukweli.

Sasa TMDA, TBS na Baraza, naomba mkae meza moja japo siku moja, manake huku mtaani tunawachanganya. Tangu 2019 dawa na vifaa tiba viko TMDA, chakula na vipodozi vikahamia TBS, na dawa za asili ziko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wauzaji wanaujua mgawanyo huu kuliko mimi. Kitu kile kile cha kukata tumbo, ukikiuliza TMDA muuzaji anasema hii ni chai tu, ukisema TBS anasema ni tiba asili, ukisema Baraza anasema ni virutubisho kutoka nje. Ndani hajui mtu kuna nini. Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kudhuru moyo, na tangu hapo imekua ikikutwa imefichwa ndani ya chai na vidonge vya kupunguza uzito vinavyoitwa vya asili asilimia mia. Na ile sirapu ya kuongeza hipsi na makalio ambayo kila grupu la wadada lina muuzaji wake, nyingi ndani ni siproheptadini, dawa ya mzio. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo juu yake. Inamlaza mtu mchana kweupe, na huku inauzwa na msichana wa miaka 20 kwa meseji, nusu lita, deliveri bure Ubungo mpaka Mbezi.

TCRA nyie mnajua kufunga akaunti mkitaka, hilo tumeliona. Sitaki mfunge mtu. Nataka tangazo la dawa ya shepu liombe kibali kama tangazo la dawa nyingine yoyote, na zile picha za kabla na baada ambazo mtu wa "kabla" kanuna na kapunguziwa taa afu wa "baada" kachezewa filta, zihesabiwe kuwa ni uongo wa kibiashara.

Mtaniambia kutoridhika na mwili ni mambo ya wazungu, sisi waafrika tunapenda mtu aliyejazia. Hivo hivo walikua wanasema Fiji. Kule Fiji mtu kushiba na kujaa ndo ilikua heshima, mtoto akikonda familia nzima inahangaika, wala sio tofauti na kwa mama yangu. Televisheni ikaingia jimbo la Nadroga mwaka 1995, karibu na wakati ule ITV inaanza huku kwetu Bara. Mtafiti mmoja wa Harvard, Anne Becker, akawauliza wasichana wa sekondari wiki za mwanzo na akarudi 1998. Miaka mitatu tu. Wenye dalili za kula kusiko salama walitoka asilimia 12.7 wakafika 29.2, wanaojitapisha ili wapungue walitoka sifuri wakafika asilimia 11.3, na wasichana 74 katika kila 100 wakasema kuna wakati wanajiona wanene mno. Kwa televisheni moja sebuleni, ya kuangalia kwa zamu. Wanangu wana simu. Sisi tumepata tabu mara mbili manake kule walitoka kupenda unene wakaenda kupenda wembamba, sisi hapa tunadaiwa vyote kwa pamoja, kiuno cha nyigu na makalio ya kuweka glasi, na tumbo lisionekane baada ya kuzaa watatu. Mwili huo haupo dukani wala haupo kwa Mungu, upo kwenye simu tu.

Na serikalini saivi kuna huduma ya kuwekewa puto tumboni pale hospitali ya Mloganzila kwa wanaohitaji kupunguza uzito. Mimi siwezi kuipinga, kuna watu magoti yamekwisha, sukari imepanda, hiyo ni tiba na wana haki nayo. Takwimu zenu wenyewe za 2015 na 2016 zilionyesha asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi, na namba hiyo haijashuka. Kwa hiyo unene tuutibu, tena kwa bidii. Ila kama tumeweza kuagiza puto, kuuliza swali hakutushindi.

Manake ninachoomba ni kidogo mpaka naona aibu kuwaandikia barua ndefu hivi. Popote penye mizani yenu, kliniki ya mama na mtoto, uzazi wa mpango, kliniki ya sukari na presha, mahema ya Novemba, yule yule anayeandika kilo aulize maswali mawili. La kwanza, wiki mbili hizi zilizopita ni siku ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo yako. La pili, ni siku ngapi umejisikia mnyonge, una huzuni au umekata tamaa. Sijayatunga mimi, madaktari duniani wanayatumia, kila swali lina alama sifuri mpaka tatu na ukifikisha tatu kwa jumla unaulizwa zaidi. Dakika haiishi. Halina mashine, halina umeme, halisubiri bohari. Na likiwa la kudumu kwenye kadi yenyewe, kisanduku pembeni ya kisanduku cha kilo, nesi hataweza kuliruka kama ambavyo haruki kilo.

Na mtu aliyeshuka kilo nyingi bila kukusudia asipongezwe kabla hajaulizwa. Hili liandikeni kwa herufi kubwa mbandike ukutani.

Mtasema wataalamu wa akili ni wachache na mkiuliza mtapata watu wengi mtawapeleka wapi. Kweli ni wachache, na wengi wetu tukisikia afya ya akili tunawaza hospitali ya Mirembe na mtu aliyefungwa kamba. Ila Zimbabwe madaktari wao walikua wachache vile vile, wakawafundisha bibi za mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, wanaongea na mtu mwenye kile wanachokiita kufungisisa, yani kuwaza kupita kiasi, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyie Januari 2024 mmezindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya laki moja wanategemewa. Si ndo hao? Watafika Segerea na Tabata kabla ya bingwa yeyote. Wafundisheni hayo maswali mawili, wafundisheni na kukaa kimya mtu akianza kulia, manake hicho ndo kigumu kuliko vyote.

Wafamasia nao, dawa ya sonona ikitolewa dirishani, mwambieni mtu kama inaongeza mwili. Mwambieni arudi, asitupe. Ningeambiwa hiyo sentensi moja ningeokoa mwaka mzima wa maisha yangu.

Watu wa elimu, kila shule ina mwalimu wa malezi na ushauri nasaha kwenye makaratasi. Muulizeni mwaka huu kafundishwa nini. Na mkiwapima watoto, wapimeni mmoja mmoja ndani, mlango umefungwa, namba isitajwe kwa sauti. Mwalimu anayempa mtoto jina kwa ajili ya mwili wake achukuliwe kama anayemtukana, kwa sababu anamtukana. Wa kwangu alishastaafu, nilimuona msibani mwaka juzi, kazeeka, kakonda. Akaniambia "eeh, na wewe bado upo vile vile". Nikamshika mkono nikamuamkia.

Alhamisi ya wiki ijayo nina kliniki. Ntapanda kwenye mizani kama kawaida.

Wenu,
mama wa watoto wawili, Tabata

NB: Nimesahau. Ule mkanda wa kupimia presha kwenye vituo vyetu vingi ni wa saizi moja na mkono wangu hautoshi, unafungwa kwa kulazimisha mpaka unafyatuka, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma presha juu kuliko ilivyo. Nimeshaambiwa nina presha mara tatu na mara zote nilivyopimwa kwa mkanda mkubwa haikuwepo. Leteni na mikanda mikubwa.